Meno Ndani ya Jitu Ngome

Lile jino lilidondoka mezani, likabingirika, likaja kusimama mbele ya kikombe changu cha chai.

Jino la mtu.

Si la paka, si la plastiki. Nina umri wa kutosha kulijua jino la binadamu nikiliona...

Nikautikisa tena ule mguu wa roboti ya kuchezea, kidogo tu. Likatoka lingine. Na lingine.

Wajukuu zangu, kuanzia hapo sikumbuki nilikuwa napumua vipi.

Na mwenye roboti alikuwa anakuja kuichukua siku hiyohiyo, kabla ya chakula cha mchana. Na alikuwa ameniambia kwa sauti ya chini kabisa, huku miwani yake myeusi imenielekea usoni: "Mzee, usifungue."

Nilikuwa nimefungua.

Ngojeni niwape mwanzo, maana mimi nikianzia katikati napotea mwenyewe.

Naitwa Shigeji. Nakaa Katsushika, upande huu wa mto Arakawa, kwenye nyumba ya mbao aliyoniachia baba. Ni nyumba ambayo ukipiga chafya chumba cha mbele, sufuria zinaitikia jikoni. Shule niliiacha mapema nikaingia kuunga midoli. Mtaa wote ulikuwa hivyo enzi hizo. Nyumba hii wanakata bati, ile wanapaka rangi, ile ya kona wanafunga skrubu. Viwanda vikafa kimoja kimoja, nikabaki mimi na bisibisi zangu.

Sasa watu wananiletea roboti za zamani, zile za kujigeuza. Unavuta mkono, unakunja mguu, roboti inakuwa treni. Unakuta mtu mzima, kipara kinang'aa, kaikumbatia roboti yake kama mtoto mchanga. Mimi siwacheki. Nawapa chai.

Basi wiki hiyo akaja bwana mmoja.

Gari jeusi. Suti nyeusi. Bega kama mlango. Aliposimama pale kizingitini, mwanga ukaisha chumbani.

Akaweka kifurushi mezani kwa mikono miwili, taratibu, kama anaweka mayai. Nikaitazama ile mikono.

Kidole kidogo cha kushoto hakikufika mwisho.

Kwetu huku hilo halihitaji maelezo. Watu wa magenge wakimkosea bosi wanajikata kidole wenyewe, wanampelekea kuomba msamaha. Ukikutana na mtu wa kidole kifupi unampisha njia, unasalimia, unaangalia chini.

Nikaangalia chini.

"Mguu umekufa," akasema. "Utaweza?"

"Nitaweza, bwana."

"Ila kifua usifungue. Popote penye hii rangi nyekundu, mzee, usifungue. Ukifungua, itajulikana."

"Ndiyo, bwana."

"Ijumaa kabla ya chakula cha mchana."

"Ndiyo, bwana."

Hiyo "ndiyo, bwana" ndiyo iliyoniponza.

Maana ile roboti naijua. Jitu Ngome. Ukiikunja inakuwa ngome ya kale, ya enzi za watu wa panga. Kichwa kinageuka paa la vigae, miguu inaungana inakuwa msingi wa mawe. Nimezifunga kwa mikono hii mpaka vidole vikaota sugu. Na yeyote aliyewahi kuzifunga anajua gurudumu la mguu limekaa kiunoni, na kiuno hakiachii mpaka ufungue kifua. Njia nyingine haipo.

Ningemwambia. Mdomo ulikataa.

Basi nikawa nazungukazunguka. Leo natoa kutu kwenye vyuma kwa siki. Kesho kuta za ngome, zile za plastiki nyeupe zilizogeuka njano kama meno ya mvutaji, naziloweka kwenye dawa na kuzianika uani juani zirudie weupe. Kifua sikigusi. Kile kifua skrubu zake zote zilikuwa zimezibwa na rangi nyekundu ya kucha. Mtu kazipaka kwa makusudi.

Ijumaa asubuhi mke wangu Fusae akanikuta nimekaa tu.

"Baba Sumire, mbona unaitazama? Ni maiti hiyo?"

"Kasema nisifungue."

"Sasa huo mguu utautengeneza kwa maombi?"

Nikachukua dawa ya kufutia rangi ya kucha. Nikafuta. Nikafungua.

Springi ilikuwa imekatika. Nikaweka nyingine, nikasafisha gurudumu, mguu ukalia tra-tra-tra vizuri kabisa kama zamani. Nikasema afadhali, sasa nafunga, napaka rangi nyingine, nani atajua.

Ndipo nikausikia mguu unalia ndani. Kacha.

Mengine mnayajua.

Fundi wa mtaa huu ana tabia moja. Vitu vilivyotoka juu, kisahani kimoja. Vilivyotoka chini, kisahani kingine, usije ukavichanganya. Basi hata kwa woga ule mikono ikafanya yenyewe. Meno ya miguuni, kisahani hiki. Halafu nikakitikisa kichwa cha roboti... na kichwani yamo. Kisahani kile.

Fusae akaja na chai ya shayiri.

"Nini hicho?"

"Meno."

Akaketi palepale na sinia lake. "Ya nani?"

"Nitajuaje? Hayajajitambulisha."

Akainama, akayaangalia kwa karibu. Akaangalia kisahani hiki, akahamia kile. "Baba Sumire, haya ni madogo."

"Ndiyo maana naogopa."

Mtu wa genge. Kidole kifupi. Meno ya mtoto, yamefichwa, yamezibwa kwa rangi nyekundu. Ungekuwa wewe ungewaza nini? Mikono ilikuwa inanuka siki, nikaona kama inanuka kitu kingine.

"Naenda polisi," nikasema.

"Akikukuta njiani?"

"Nikikaa atanikuta hapa!"

Nikapanda baiskeli. Kibanda cha polisi kipo ng'ambo ya reli, si mbali. Nafika, hakuna mtu. Kiti kitupu, simu mezani, na kibao: askari yuko doria, inua simu.

Nikainua.

"Polisi hapa, tukusaidie nini?"

Nikafungua mdomo. Na kupitia kioo nikaliona gari jeusi linapita polepole. Miwani myeusi kwenye usukani. Linaelekea kwangu.

Na Fusae yuko peke yake na yale meno.

Nikaiacha simu inaning'inia. Nikakanyaga baiskeli kama kijana. Nafika relini, kengele zinalia, kizuizi kinashuka mbele ya pua yangu. Treni ya kwanza ikapita. Nikangoja kizuizi kiinuke... hakiinuki, kuna nyingine inakuja upande wa pili. Jamani, sijawahi kuichukia treni kama siku ile.

Kilichoniokoa ni uchochoro. Humo gari halipiti, inabidi lizunguke barabara kubwa. Mimi nikachomoka katikati ya nyumba, maua ya watu nikayaangusha, nikaingia ndani kwangu nahema kama mbwa.

Roboti ipo mezani, kifua wazi.

Visahani vipo.

Vitupu.

"Fusae!"

Akatokea uani, vumbi magotini, anapangusa mikono. Katulia kabisa, kama mtu aliyetoka kuanua nguo.

"Meno yako wapi?"

"Nimeshayapeleka kwao."

"Kwao wapi, mwanamke wewe?"

Hakupata nafasi ya kujibu. Mlango ulisogezwa.

Yule bwana akaingia. Akavua viatu, akavipanga. Akatazama meza. Akaona kifua wazi, skrubu pembeni, rangi nyekundu imefutwa.

Akaokota skrubu moja, akaigeuzageuza. Bora angetukana.

Nikaanguka mkekani, paji la uso chini.

"Nimefungua, bwana. Bila kufungua, mguu haufikiki, na nililijua hilo tangu siku ile nikashindwa kukwambia kwa kukuogopa. Mke wangu hahusiki. Nifanye unavyotaka mimi."

Nikasikia magoti yake yanagonga mkeka, karibu kabisa na kichwa changu. Nikafumba macho. Nikamuwaza binti yangu Sumire, sijui kwa nini nilimkumbuka akiwa mdogo, na pengo lake.

"Mzee." Sauti ilikuwa nyingine. "Ndani kulikuwa na nini?"

Nikafumbua jicho moja.

Miwani ameivua. Macho mekundu. Anatetemeka kuliko mimi.

"Wewe... hujui?"

"Sijui. Mama hajawahi kuniruhusu."

Fusae akajibu toka mlangoni. "Meno ya mtoto, mwanangu. Yaliyong'oka yenyewe. Ya chini yalikuwa kichwani, ya juu yalikuwa miguuni. Mimi nimelea, siwezi kuyakosea. Aliyeyapanga alijua anachofanya."

Hapo mimi ndiyo nikaamka usingizini.

Kwetu, mtoto aking'oka jino la chini, linarushwa juu ya paa, ili jipya liote kulifuata juu. Aking'oka la juu, linatupwa uvunguni mwa nyumba, ili jipya lishuke kulifuata. Kila mtoto anajua. Na ile roboti ikikunjwa ni nyumba. Kichwa ndiyo paa. Miguu ndiyo msingi.

Yule bwana akajishika kichwa.

"Tulikaa ghorofa, nyumba za kupanga," akasema. "Paa si letu. Sakafu yetu ni dari ya mtu mwingine. Mdogo wangu Teruo alikuwa analia, anauliza meno yake yatapelekwa wapi. Mimi nilikuwa kazini, nalala hukohuko bwenini. Sikujua mama alimjibu nini."

"Alimwambia ana nyumba yake," Fusae akasema polepole.

Akaitikia kwa kichwa. Halafu maneno yakamtoka yote kwa mpigo, kama mtu aliyeyafungia miaka. Mwaka wa kimbunga kikubwa, mto ulimchukua Teruo. Walimtafuta mpaka baharini, hakuonekana. Kwenye kaburi la ukoo kuna chungu cha mifupa chenye jina lake, na ndani ya chungu hamna kitu.

"Mama anaitikisa hii roboti, anasikiliza. Kila siku. Anasema Teru yupo humu, amelala, msifungue. Mimi nilidhani huzuni imemharibu akili. Sasa yuko kwenye nyumba ya kutunzia wazee, roboti ikamponyoka mguu ukafa. Tangu nimeileta kwako hali chakula. Ananiuliza tu, Teru umempeleka wapi."

Akainyanyua roboti kutoka mezani. Akaitikisa sikioni.

Kimya.

"Yako wapi?"

Tukamgeukia Fusae wote wawili. Sijawahi kumwona mke wangu amepauka namna ile.

"Nilisema huyo mtoto, popote alipo, tusimwache kwenye visahani," akasema. Sauti inakatika. "Ya chini nimerusha paani. Ya juu nimetupa uvunguni. Kwenye nyumba yetu..."

Na pale pale tukasikia tone. Juu ya bati la uani. Tone lingine.

Mvua.

Nisikilizeni vizuri hapa. Mwanzo niliogopa kufa. Ule woga haukuwa kitu. Huu wa pili ndiyo woga. Maji ya paa letu yanashuka kwenye mfereji, mfereji unaingia kwenye mtaro wa barabarani, mtaro unakwenda mtoni. Mto uleule. Ulishamchukua mtoto, sasa ulikuwa unarudi kuchukua kilichobaki.

"Ngazi!" nikasema.

Bwana yule alishatoka nje. Koti katupa, yuko na soksi tu, anapanda. Mimi nimeishikilia ngazi, naona kile kidole kifupi kinashika chuma kinachoteleza.

"Bwana, angalia, hicho kidole chako..."

"Kimezoea, mzee. Mashine ya bati ilikichukua nikiwa kijana, kiwanda cha nyuma ya hekalu. Nilikuwa nakata miguu ya hizihizi Jitu Ngome."

Mimi niliyekaa ujana wangu wote kwenye kelele za mashine za bati! Mimi ambaye msimamizi wangu alikuwa akiagiza bia kwa vidole nusu, tunamcheka kwamba ndiyo maana inakuja nusu! Mtaa huu una vidole vifupi kuliko magenge yote ya jiji, na mimi niliona kimoja nikakimbilia polisi.

"Na hilo gari?" nikauliza.

"La kazini. Nasafirisha maiti."

Basi. Suti nyeusi, sauti ya chini, mikono ya taratibu. Yote yakaingia mahali pake.

"Mzee, wewe ingia uvunguni. Mvua inakuja."

Nikaingia. Kwa umri huu, tumboni, na kurunzi mdomoni. Uvungu wa nyumba yetu uko juu ya udongo mkavu, kuna buibui wenye heshima zao humo. Mgongo unagusa mbao. Juu nasikia vigae vinalia, yule bwana anatambaa, na mvua inazidi. Kila kigae kikiteleza roho yangu inateleza nacho.

"Umeona?" Fusae ananipigia kelele kutoka uani.

"Nimeona moja!"

Na lingine. Na lingine, nyuma ya jiwe la nguzo. Nachambua udongo kwa kucha kama kuku. Mwanga ukipiga, yanang'aa kidogo, meupe, madogo kama punje za mchele.

Nikatoka nimejaa utando wa buibui. Bwana naye akashuka, kalowa chapachapa, ngumi kaikaza. Akaifungua juu ya taulo la Fusae. Moja alilikuta kwenye mdomo kabisa wa mfereji, maji yanalisukuma.

"Yametimia ya paani," Fusae akasema. Akageukia ya kwangu. Akayapanga. Akayapanga upya.

"Hayajatimia?" nikauliza.

"Yamezidi."

"Yamezidi vipi?"

"Baba Sumire... sisi nasi tulilea humu."

Nikakaa chini kwenye tope.

Meno ya Sumire. Binti yetu yuko mbali, Sapporo, ana mvi siku hizi. Alipokuwa mdogo nilimshika mkono pale uani, akainama, akatupa yake uvunguni, akasema meno shukeni. Yalikuwa yamekaa pale miaka yote hiyo tunatembea juu yake.

Tukajaribu kuyatenganisha. Hili limezeeka zaidi... hapana, ni udongo. Hili ni la kike... meno hayana kike wala kiume. Fusae akaanza kulia.

"Nimeharibu, mwanangu. Sijui lipi lenu, lipi letu."

Yule bwana, Iwao ndilo jina lake, akayaangalia muda mrefu. Mvua inamtiririka puani.

"Weka yote, mama," akasema. "Teru hakuwa anapenda kulala peke yake."

Nikafunga mwenyewe. Ya chini juu, ya juu chini. Fusae akapaka rangi nyekundu ya kucha kwenye kila skrubu. Wali wetu ulipoa jikoni, hakuna aliyekumbuka.

Tukaenda wote kwa mama yake, kwenye gari la maiti. Fusae alikaa mbele, akakataa kabisa kugeuka nyuma. Nyuma nilikaa mimi.

Mama Tsuyako ni kibibi kidogo, unaweza kumbeba kwa mkono mmoja. Akapewa roboti. Akaujaribu mguu, tra-tra-tra. Hakushangaa. Akapapasa rangi nyekundu kwa kidole gumba.

Akaiweka sikioni. Akatikisa.

Kacha-kacha.

Akakunja uso. Akatikisa tena. Iwao akanishika mkono, kaubana mpaka mifupa ikaniuma. Nikajua amesikia. Nikajua tumekwisha.

"Iwao," akasema yule mama.

"Naam, mama."

"Leo wako wawili."

Akatikisa mara nyingine, akasikiliza, macho kafumba, akatabasamu kidogo.

"Wa pili ni msichana," akasema. "Haya, nileteeni uji. Ninaona njaa."

Nywele zilinisimama mpaka za masikioni. Hatukumwambia. Naapa, hakuna aliyemwambia.

Nikatoka koridoni nikampigia Sumire palepale.

"Baba? Kuna nini, mbona unahema?"

"Hakuna kitu. Meno yako yote yapo?"

"Baba, umekunywa?"

"Sijanywa. Nijibu."

"Yapo, baba. Moja tu la bandia."

Nikashukuru. Nikakata simu, nikalia kidogo, nikarudi ndani kumwangalia mama wa watu anavyokula.

Basi wajukuu zangu, babu yenu shule hana, lakini hili nimelipata kwa kutambaa. Woga ukikufunga mdomo, utasema ndiyo mahali pa kusema hapana, na siku ikifika wewe ndiye utakayeingia uvunguni. Kidole cha mtu kisikusomee moyo wake, muulize mwenyewe kilipoishia. Na mtu akinikabidhi kitu siku hizi akaniambia nisifungue, siitikii tu. Namwekea chai, namuuliza kwanza:

Nani amelala humo?